Agroveti ya Njoro, miezi mitatu bila mwenyewe

Duka ni agroveti ya kawaida mjini Njoro, mwendo mfupi kutoka jiji la Nakuru. Linauza mbegu, chakula cha ng'ombe, dawa za mimea na mifugo, chanjo za kuku, na mbolea kidogo. Mwenyewe anatarajia kujifungua wiki ya pili ya Aprili na ameamua kukaa nyumbani miezi mitatu. Ana wafanyakazi watatu: mtaalamu wa mifugo mwenye cheti, ambaye wateja humwita daktari; keshia aliyekaa dukani miaka minne; na kijana wa stoo. Duka na watu wake ni mfano tuliouunda. Sheria, vipimo na mwenendo wa msimu si vya kubuni.

Mfanyakazi wa kike ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Mwenye duka hana wa kumpa. Mbaya zaidi, mtoto anakuja pamoja na mvua ndefu, wakati mkulima wa Njoro anapanda mahindi na viazi na anataka kila kitu siku hiyo hiyo. Tuko Januari mwanzoni, kwa hiyo kuna wiki kumi na tatu hivi.

Wenye maduka wengi katika hali hii huanza kufundisha kazi: jinsi ya kuandika risiti, jinsi ya kupokea mzigo. Hapa hilo halisaidii, kwa sababu watatu hawa wanaijua kazi tayari. Wasichokuwa nacho ni ruhusa ya kuamua, na duka haliwezi kukaa bila mwenyewe mpaka ijulikane ni maamuzi gani hasa yanamfuata.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari. Kwa wiki mbili, kila swali analoulizwa, iwe kaunta au kwa simu, linaandikwa mstari mmoja: nani ameuliza, nini, amejibiwa nini. Katika mfano wetu yamefika maswali 118. Bei na kupunguziwa 41, deni 27, ushauri wa dawa 22, kuagiza mzigo 14, malipo ya till (namba ya duka ya kulipiwa kwa simu) na pesa 9, mengineyo 5. Zaidi ya nusu ni bei na deni, mambo ambayo mwenyewe hukata kwa sekunde tatu kwa sababu kanuni anayo kichwani. Safu ya tatu ya daftari, ile ya majibu, ndiyo yenye thamani. Ukisoma majibu 41 ya bei mfululizo unaona kwamba karibu yote yanafuata kanuni moja ambayo hakuna aliyeambiwa.

Kabla ya bei, vibali

Hili tunaliweka mbele kwa sababu halimalizwi kwa wiki moja. Agroveti haiendeshwi kwa kibali cha biashara cha kaunti peke yake. Dawa za wadudu na ukungu ziko chini ya PCPB, bodi ya kudhibiti dawa hizo, mbegu chini ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na dawa za mifugo hazipaswi kuuzwa pasipo mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB. Katika kisa hiki aliyesajiliwa ni mwenye duka. Mtaalamu ana cheti, lakini leseni yake ya mwaka hajailipia. Akiondoka mwenye duka tarehe 1 Aprili, kuanzia asubuhi hiyo kabati la dawa za mifugo halina mtu wa kulisimamia kisheria, hata kama anayeuza anazijua dawa hizo kuliko bosi wake.

Duka linamlipia leseni Januari, na nakala inabandikwa ukutani pamoja na vibali vingine. Pembeni inaandikwa karatasi moja ya mkaguzi: kila kibali kinakwisha lini, asili yake iko wapi, nani anaruhusiwa kutia sahihi. Mkaguzi akija na mwenyewe hayupo, keshia asiyejua faili iko wapi atalifunga duka kwa hofu au atatoa "chai". Yote mawili ni ghali.

Halafu kuna jambo ambalo daftari lilionyesha bila kuulizwa. Mtaalamu hutoka dukani kwenda kutibu na kupandisha ng'ombe kwa mrija, na pesa ya kupandisha ni yake. Huwezi kumpa duka ukamnyima kipato hicho. Atakubali mdomoni na kutoroka mchana. Bahati nzuri, biolojia iko upande wa duka. Kanuni inayotumika ni kwamba ng'ombe aliyeonekana na joto, yaani anataka dume, asubuhi hupandishwa jioni ile ile, na wa jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Saa hizo ziko nje ya kilele cha kaunta. Makubaliano yanakuwa hivi: yuko dukani saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kabla na baada ya hapo ni zake. Akiwa nje, kabati la viuavijasumu limefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Keshia anauza chakula, madini na mbegu, na mteja wa sindano anaambiwa asubiri au arudi.

Bei na deni

Kwa bei, duka linachukua bidhaa sitini zinazotembea zaidi na kuandikia kila moja bei tatu: ya kununulia, ya kuuzia na ya mwisho. Dawa ya ukungu iliyonunuliwa Sh 520 inauzwa Sh 650 na bei ya mwisho ni Sh 600. Keshia anaona mbili za mwisho tu. Mtaalamu, ambaye ndiye atakayekaimu, anaona zote tatu, kwa sababu anayeagiza mzigo bila kujua bei ya kununulia hajui kama msambazaji amempandishia. Kati ya 650 na 600 keshia anajiamulia. Chini ya 600 hakuna anayeuza, hata kwa jirani wa mwenye duka, hata kwa mwalimu mkuu.

Inayosumbua ni deni. Wafugaji wa maziwa hulipwa mwezi unapokwisha au katikati ya mwezi unaofuata, na chakula cha ng'ombe kinahitajika leo. Duka lisilokopesha halina wateja wa maziwa. Lakini deni la Njoro lina uso: mwenye duka anajua nani hulipa akiuza viazi, nani halipi mpaka afuatwe, na nani amehamia Elburgon na namba yake haipatikani. Ujuzi huo hauhamishwi kwa mafunzo. Unahamishwa kwa orodha.

Anakaa jioni mbili na keshia, wanapitia kitabu cha madeni jina kwa jina, kila jina linapata kikomo. Katika mfano, wateja ishirini na wawili wana kikomo cha Sh 6,000, thelathini na mmoja Sh 2,500, waliobaki sifuri. Kanuni ziko mbili tu: deni jipya halitolewi kabla la zamani halijalipwa angalau nusu, na jina jipya haliingii kitabuni mpaka mwenyewe arudi. Hiyo ya pili itapoteza wateja kadhaa. Na wapotee. Miezi mitatu ya msimu ndiyo wakati watu wasiolipa hujaribu mhudumu mpya, na maneno yao ni yale yale: "Mama alisema nichukue, muulize." Keshia anajibu kwamba Mama ameandika, na kama hakuandika hakusema. Mteja mzee hajibiwi hivyo kwa ukavu, anaonyeshwa kitabu kwa heshima, "Mzee, hata mimi mwenyewe siruhusiwi kuongeza jina hapa." Kanuni iliyoandikwa humpa keshia mahali pa kuegemea bila kumkosea mtu adabu.

Kuagiza mzigo

Kwa bidhaa zinazouzika mwaka mzima, hesabu ni rahisi: mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Duka likiuza magunia manne ya chakula cha maziwa kwa siku, mzigo ukichukua siku mbili kutoka Nakuru, na akiba ikiwa magunia manne, basi kijana wa stoo akihesabu magunia kumi na mawili anaagiza. Namba hiyo inaandikwa kwa chaki ukutani juu ya rundo lenyewe.

Kanuni hiyo hiyo ikitumika kwa mbegu za mahindi itamaliza mtaji. Mbegu haiuziki kwa siku. Inauzika kwa mvua. Mkulima anahitaji kilo kumi kwa ekari, na wote wanataka kupanda ndani ya majuma machache, kisha soko linakauka ghafla. Mahindi ya nyanda za juu, zile za mfululizo wa H6, hukaa shambani nusu mwaka na zaidi, kwa hiyo hakuna anayepanda kwa kuchelewa kwa hiari. Mhudumu anayeona paketi zimeisha wiki ya tatu ya Aprili ataagiza katoni kumi kwa nia njema, na mwenye duka atazikuta Julai. Mbegu inawekewa dari na tarehe: jumla ya kilo za msimu zinaandikwa Machi, na baada ya tarehe 20 Aprili hakuna kuongeza bila simu. Mvua ikichelewa, tarehe inasogezwa kwa maandishi, si kwa mazungumzo.

Mbolea nayo ina mtego wake. Serikali ilishusha mbolea ya ruzuku hadi Sh 2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, na inapatikana kupitia NCPB, bodi ya nafaka, kwa mkulima aliyesajiliwa. Agroveti haiwezi kushindana na bei hiyo. Inachouza ni kwa yule asiyesajiliwa, asiyetaka foleni, au anayehitaji kilo kumi tu. Anayekaimu asipoelezwa hivyo ataona wateja watano wakiulizia DAP, mbolea ya kupandia, asubuhi moja na kuagiza magunia themanini.

Wakati wa kupokea mbegu, kijana wa stoo anakagua kibandiko cha KEPHIS kwenye paketi na kuchagua paketi moja ya kila shehena, kukwangua na kutuma namba kwa SMS kwenda 1393. Jina la mbegu na namba ya shehena zikija tofauti na zilizo kwenye paketi, mzigo wote unarudi. Na paketi haifunguliwi kupimia mtu kikombe. Ni kosa kisheria, na mteja aliyepimiwa hana kibandiko cha kulalamikia mbegu isipoota.

Ushauri wa dawa

Maswali 22 ya ushauri yalijirudia katika mada tisa. Kila mada inapata karatasi moja iliyolaminetiwa chini ya kaunta. Dawa ya kupe ya amitrazi ya asilimia 12.5: mililita 40 kwa lita 20 za maji, na kamwe si kwa punda. Njoro ina punda wengi wa mikokoteni, na mwenye punda ataiulizia dawa hiyo hiyo kwa sababu kupe ni kupe. Dawa hiyo ni hatari kwa jamii ya farasi. Dawa za sindano: siku za kumwaga maziwa ziko kwenye lebo, anayeuza anazisoma kwa sauti na kuziandika kwenye risiti. Viazi: mankozebu ni ya kuzuia ukungu kabla haujaingia, na jani likishaonyesha madoa mteja anahitaji yenye metalaksili, kumuuzia ya kwanza kwa sababu ni nafuu ni kumrudisha wiki ijayo akiwa na hasira.

Chanjo ndiyo sehemu pekee ambapo uzembe wa saa chache unaharibu bidhaa bila kuonekana. Chanjo ya kideri hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kipimajoto kinasomwa saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni na kuandikwa kwenye mlango wa friji. Stima ikipotea, friji haifunguliwi; yakipita masaa matatu bila kurudi, chupa zinahamishiwa kwenye kisanduku cha barafu, barafu ikitengwa na chupa kwa kadibodi ili zisigande. Ikizidi nyuzi 8, chupa zinawekwa alama na haziuzwi mpaka msambazaji aulizwe. Mfanyakazi anayejua kwamba chupa ya Sh 400 itakatwa kwenye mshahara wake hataweka alama. Atauza. Kuku watakufa Mauche, na duka ndilo litakalotajwa.

Pesa

Hapa wenye maduka wengi hufanya moja ya mawili: wanampa keshia PIN, au wanabaki na simu na kuthibitisha kila malipo kutoka kitandani. PIN haitolewi. Kuthibitisha ukiwa mbali nako hakufanyi kazi, kwa sababu siku mtandao umelala matapeli wenye ujumbe bandia wa malipo hupita. Till inaongezewa mhudumu mwenye haki ya kuona malipo yakiingia, si kutoa, kwenye simu inayobaki dukani usiku na mchana. Keshia anaangalia simu hiyo na kamwe si simu ya mteja.

Jioni mauzo yanafungwa hivi. Tuseme droo ilianza na floti ya Sh 3,000 na sasa ina 21,450. Till imeingiza 38,200. Deni jipya 4,600. Deni la zamani lililolipwa 6,000. Matumizi madogo 350. Mauzo ya siku ni 21,450 kutoa 3,000, jumlisha 38,200, jumlisha 4,600, toa 6,000, jumlisha 350: Sh 55,600. Risiti za eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, zinapaswa kusema hivyo hivyo. Tofauti ikizidi Sh 200 sababu inaandikwa jioni hiyo, kabla ya kwenda nyumbani. Kosa la kawaida ni kusahau kutoa deni la zamani, na keshia huonekana ana ziada asiyokuwa nayo.

Pungufu la kweli likitokea, Sheria ya Ajira inaruhusu kukata tu ikiwa limetokana na uzembe au udanganyifu, na ikiwa mkataba wa mfanyakazi unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Makato yote pamoja hayazidi theluthi mbili za mshahara. Keshia wa miaka minne ambaye mkataba wake unasema "kazi za duka" hajakabidhiwa chochote kisheria. Mkataba unaandikwa upya Februari, na mtaalamu anapata posho ya kukaimu ya Sh 5,000 kwa mwezi. Cheo kisicho na posho hudumu mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza.

Stoki inahesabiwa bidhaa kumi kila alasiri. Mwenye duka anatuma majina kumi kwa SMS saa tisa, kabla mtaalamu hajatoka, tofauti kila siku. Kijana wa stoo na mtaalamu wanahesabu, keshia hagusi. Kodi na makato ya wafanyakazi yanakwenda kwa mhasibu, akikumbushwa kwamba PAYE, kodi ya mishahara, haipiti tarehe 9.

Shemeji

Familia itapendekeza mtu wa "kuangalia angalia". Mara nyingi ni shemeji au mdogo wa mume, hana kazi kwa sasa, na ni mwaminifu kweli. Uaminifu wake si suala. Ataketi nyuma ya kaunta bila kikomo kilichoandikwa, atakopesha rafiki, atachukua gunia la chakula cha kuku wa nyumbani bila risiti, na mtaalamu hatathubutu kusema neno. Siku tatu tu na kila mfanyakazi anajua kwamba kanuni za ukutani ni za wasio na undugu. Kama ni lazima awepo, apewe kazi yenye mipaka: kupeleka pesa benki kila asubuhi na kurudisha stakabadhi. Na mume mwenyewe akitaka chakula cha kuku, analipa till kama wengine.

Majaribio

Kutoweka kunajaribiwa mara tatu: nusu siku mwanzoni mwa Februari, siku tatu mwishoni mwa Februari, siku kumi katikati ya Machi. Tunasisitiza Machi. Jaribio la Februari hufaulu karibu kila mara kwa sababu duka liko kimya.

Simu ni moja, saa mbili usiku, dakika kumi na tano. Nje ya hapo anapigiwa kwa mambo manne: friji, wizi, mkaguzi, au mtu aliyeathiriwa na sumu, na huyo wa mwisho anapelekwa hospitali kwanza, pamoja na lebo ya dawa, ndipo simu ipigwe.

Siku ya pili ya jaribio la pili keshia atapiga mara nyingi. "Madam, kuna mtu anataka magunia ishirini, anasema apunguziwe." Akijibiwa bei, jaribio limekwisha. Jibu ni "Wewe umeonaje?" kisha "Sawa, fanya hivyo," hata kama yeye angefanya vingine. Uamuzi uliogharimu chini ya Sh 1,500 haupinduliwi. Unazungumzwa usiku, na kama kanuni ndiyo iliyokosekana, inaandikwa. Katika mfano, jaribio la siku kumi lilileta kanuni saba mpya, ikiwemo moja ambayo hakuna angeifikiria Januari: nani anafungua duka kijana wa stoo akiwa kwenye matanga.

Kurudi

Jumatatu moja kabla ya kurudi, stoki yote inahesabiwa duka likiwa limefungwa, mhasibu akiwepo. Namba nne zinatosha: pungufu la stoki, jumla ya madeni ikilinganishwa na ya Machi, mbegu zilizobaki, na chupa za chanjo zilizowekwa alama. Hiyo ya mwisho ikiwa sifuri kwa miezi mitatu, ulizia kwa upole. Stima ya Njoro haijawahi kuwa nzuri kiasi hicho.

Bei kati ya 650 na 600 inabaki kwa keshia. Vikomo vya deni vinabaki naye pia. Mwenye duka anarudishiwa majina mapya tu. Posho ya mtaalamu haiondolewi mwezi ule ule aliorudi bosi, na kama atataka kuiondoa baadaye, ajirudishie kwanza na yale maamuzi.